Rudia Kukumbuka, Usirudie Kusikia Tu

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa lugha katika Afrika Mashariki anastahili kuufahamu, na lugha iliyotumika humo ilikuwa yetu. Watafiti Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili wasiyoyajua, kila moja na maana yake kwa Kiingereza. "Mashua" lilikuwa mojawapo. Wanafunzi waliyasoma, wakaulizwa maana zake, wakayasoma tena, wakaulizwa tena, kwa mizunguko kadhaa. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipolikumbuka neno kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo, kundi la kwanza liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa. Kundi la pili halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma, lakini halikuulizwa tena. La nne liliachana nalo kabisa.

Kipindi kilipokwisha makundi yote manne yalikuwa sawa, kila neno likiwa limekumbukwa. Wiki moja baadaye waliitwa tena. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka asilimia 80 hivi ya maneno. Mawili ambayo hayakuulizwa tena yalikumbuka asilimia 36 na 33. Linganisha kundi la tatu na la nne: la tatu lilisoma maneno yaleyale mara nyingi zaidi, na kazi yote hiyo ya ziada haikulisaidia kitu. Tena, kabla ya kuondoka siku ya kwanza, wanafunzi walitakiwa kubashiri watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Makundi yote yalitaja takriban nusu. Waliokuwa wanajenga kumbukumbu na waliokuwa wanapoteza muda walijiona wako sawa.

Nimeanza na utafiti huu kwa sababu unakata mjadala ambao umegawanya walimu wa lugha kwa miaka zaidi ya 80. Upande mmoja unasema lugha ya kigeni haiingii bila kurudia, kwa hiyo darasa lirudie mpaka likome. Upande wa pili unasema kurudia kunaua fikra, kwa hiyo mazoezi ya aina hiyo yaondolewe, wanafunzi waachwe wazungumze. Pande zote mbili zinahesabu mara ngapi, na hakuna anayeuliza ni nini hasa kinachorudiwa. Akili hupata umahiri katika tendo lile lile inalolifanya. Anayerudia kusikia huwa hodari wa kusikia. Anayerudia kufuatisha huwa hodari wa kufuatisha. Anayetaka kuzungumza hana budi kurudia kazi ya mzungumzaji, yaani kuwa na jambo la kusema, kulitafutia maneno kichwani mwake mwenyewe, na kuyatoa kwa mpangilio unaoeleweka.

Mbinu ya mazoezi ya kurudia, kwa sura tunayoijua leo, ilikomaa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941 iligundua haina watu wa kutosha wanaojua lugha za mataifa iliyopambana nayo wala za nchi ambako majeshi yake yangepelekwa. Kufikia mwaka 1943 jeshi lilikuwa limeanzisha mpango maalum wa mafunzo katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Askari walikaa katika vikundi vidogo pamoja na mzawa wa lugha, wakamfuatisha saa baada ya saa sentensi zilizoandaliwa na wataalamu wa isimu. Leonard Bloomfield, aliyekuwa ameandika mwongozo wa kujifunza lugha za kigeni mwaka 1942, alishikilia kwamba mwanafunzi lazima arudie hata baada ya kuelewa, mpaka sentensi itoke yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Charles Fries alikuwa akiwafundisha wageni Kiingereza kwa misingi hiyohiyo katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1941.

Vita vilikwisha, mbinu ikabaki. Wasovieti waliporusha setilaiti ya Sputnik Oktoba 1957, Marekani ilitishika, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kumwaga fedha katika elimu ya sayansi na lugha za kigeni. Shule zikajengewa maabara za lugha: mwanafunzi anavaa visikizi, anasikia sentensi kutoka kwenye utepe, anairudia, anasikia nyingine. Nadharia iliyobeba mfumo huo ilisema lugha ni mazoea. Ukichochewa unajibu, jibu likiwa sahihi unapongezwa, na mazoea yanakomaa. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliieleza nadharia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1957.

Kiswahili kilikuwa sehemu ya historia hii. Rais Kennedy alipoanzisha shirika la vijana wa kujitolea la Peace Corps mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wake: wapimaji wa ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walihitaji Kiswahili, nao walikihitaji haraka. Wanadiplomasia wa Marekani nao walikisoma katika taasisi ya mafunzo ya Wizara ya Mambo ya Nje yao. Huko Earl Stevick, akishirikiana na J. G. Mlela na F. N. Njenga, aliandaa katika miaka ya 1960 kozi ndefu ya Kiswahili iliyojaa mazoezi ya kurudia na kubadilisha, ambayo bado inatumiwa na wanafunzi wa kigeni leo. Taasisi hiyo ilikuja kukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban wiki 36, sawa na saa 900 za darasani, ili akimudu Kiswahili kwa kazi. Kwa Kiarabu au Kijapani hukadiria saa 2,200.

Anayetaka kujua kwa nini mazoezi haya yalionekana kukifaa sana Kiswahili aitazame sentensi hii: "Viti vyangu vile viwili vizuri vimevunjika." Nomino moja imelazimisha maneno matano yaifuate. Sisi tuliokua na lugha hii hatufanyi hesabu yoyote. Upatanisho unatangulia fikra. Mgeni anaanza kwa kuutafuta kila mara, neno baada ya neno, na akifika kwenye "vimevunjika" ameshasahau alitaka kusema nini. Uwezo wa akili wa kushika mambo kwa wakati mmoja ni mdogo. Ukitumika wote kuwinda viambishi, hakuna unaobaki kwa maana, wala kwa kumsikiliza unayezungumza naye. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kurudia kufutwe. Kuna sehemu za lugha ambazo lazima zitoke bila kufikiriwa, na hakuna njia ya kufika huko isipokuwa kuzitumia mara nyingi mno.

Basi mwalimu anasema "Kitabu kile kimepotea", kisha anataja "vitabu". Darasa linajibu: "Vitabu vile vimepotea." Anasema "mti", darasa linajibu: "Mti ule umepotea." Zoezi linakwenda mbio, makosa ni machache, kila mtu anasikika akizungumza Kiswahili safi.

Sasa weka hapo neno ambalo halimo katika Kiswahili. "Kirufe kile kimepotea." Wingi wake? Msomaji ameshajibu: "Virufe vile vimepotea." Amejibu sawasawa bila kujua kirufe ni nini, na angejibu hata kama hajui kupotea ni nini. Huo ndio udhaifu wa zoezi la aina hii. Mwanafunzi anaweza kulimaliza kwa kutazama umbo tu, maana ikiwa imebaki nje ya mlango. Hakuwa na jambo la kusema, hakutafuta neno lolote, na hakuchagua ngeli kwa sababu mwalimu alishamchagulia. Amefanya mazoezi ya kugeuza sentensi ya mtu mwingine. Akitoka nje akutane na mwenye duka, ujuzi huo hautaitwa, kwa sababu dukani hakuna anayemtajia "kitabu" ili ajibu "vitabu".

Mwanaisimu Noam Chomsky alishambulia msingi wa nadharia ya lugha kuwa mazoea mwaka 1959 katika tahakiki yake ya kitabu cha Skinner. Alionyesha kwamba mtu husema na kuelewa kila siku sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, na mazoea peke yake hayawezi kulieleza hilo. Mwaka 1964 Wilga Rivers, mwalimu wa lugha aliyelijua darasa kwa ndani, akachambua kitabuni kasoro za mbinu yenyewe: uchovu wa wanafunzi, kufuatisha bila kuelewa, na kushindwa kuvuka kutoka zoezini hadi kwenye mazungumzo. Kufikia miaka ya 1970 mazoezi yalianza kuonekana ya kizamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Stephen Krashen alifika mbali zaidi, akidai kwamba mwanafunzi akipata lugha ya kutosha anayoielewa, kwa kusikia na kusoma, uwezo wa kuzungumza utakuja wenyewe.

Dai hilo lilijaribiwa Kanada bila kukusudiwa. Tangu mwaka 1965, kwanza katika kitongoji cha Saint-Lambert karibu na Montréal, watoto wa familia za Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Merrill Swain alipowapima wanafunzi wa aina hiyo, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1985, alikuta kwamba baada ya miaka mingi ya kuzama katika Kifaransa walikielewa vizuri sana, lakini sarufi ya mazungumzo na maandishi yao ilikuwa bado mbali na ya wazawa. Walikuwa wamepokea lugha tele kwa miaka. Walichokikosa ni kulazimishwa kuitoa kwa usahihi.

Robert DeKeyser alilifikisha suala hili kwenye kipimo cha karibu zaidi mwaka 1997. Aliwafundisha watu lugha ndogo ya kubuni. Kanuni fulani waliifanyia mazoezi ya kuelewa tu, nyingine mazoezi ya kutunga tu, kwa wiki kadhaa. Kasi iliongezeka na makosa yakapungua, kama inavyotokea katika stadi yoyote. Lakini umahiri haukuhama. Waliojizoeza kuelewa waliimarika katika kuelewa na wakabaki nyuma katika kutunga, na kinyume chake. Sijui matokeo yanayopaswa kumshtua mwalimu wa lugha kuliko haya. Miaka minne ya kusikiliza na kunakili kutoka ubaoni hutoa vijana hodari wa kusikiliza na kunakili.

Jibu la vitendo lilikuwepo mapema, ila halikusikika vizuri katikati ya ugomvi. Kuanzia mwaka 1970 Christina Bratt Paulston alipendekeza mazoezi yagawanywe katika ngazi tatu. Ya kwanza ni zoezi la umbo tu, ambalo linawezekana hata kwa kirufe. Ya pili ni zoezi lenye maana: mwalimu anaweka vitu mezani, anauliza "Vikombe viko wapi?", na mwanafunzi hawezi kujibu bila kuelewa, ingawa mwalimu anajua jibu. Ya tatu ni zoezi la mawasiliano: "Jana jioni ulikula nini?" Umbo bado limebanwa, maana jibu linadai wakati uliopita, lakini sasa mwanafunzi analo jambo la kusema ambalo mwalimu halijui. Kurudia kupo katika ngazi zote tatu. Wanafunzi kumi wakijibu swali la jana jioni, kiambishi "-li-" kimesikika mara kumi na kutamkwa mara kumi, kila mara kikiwa kimebeba habari ya kweli.

Stevick mwenyewe alielekea huko, na chombo chake kilikuwa Kiswahili. Katika kozi ya mazungumzo aliyoiongoza, iliyotoka mwaka 1966, aligawa somo katika mizunguko mifupi yenye sehemu mbili. Kwanza wanafunzi wanajifunza swali moja na majibu machache yanayowezekana, wanayatamka mpaka ulimi uyazoee. Hapohapo, kabla dakika nyingi hazijapita, wanaulizana swali hilohilo na kila mmoja anajibu kwa ukweli wake. Mwenye kuuliza "Unakaa wapi?" anapata jibu ambalo hakulijua. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, alichapisha kitabu kizima kuhusu kumbukumbu na maana katika kujifunza lugha, akisisitiza kwamba kinachobaki ni kile kinachomgusa mwanafunzi kwa kina. Mtu aliyeandika maelfu ya mistari ya mazoezi ya Kiswahili hakuyakana mazoezi. Aliyatafutia mwisho wenye maana.

Lipo pia suala la muda. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushinda marudio yaliyorundikwa mahali pamoja. Karibu karne moja baadaye, Harry Bahrick na jamaa zake watatu walijifunza maneno 300 ya lugha ya kigeni na kufuatilia kumbukumbu zao kwa miaka. Walipochapisha matokeo mwaka 1993 walieleza kwamba vipindi 13 vilivyotenganishwa kwa siku 56 vilihifadhi maneno karibu sawa na vipindi 26 vilivyotenganishwa kwa siku 14. Nusu ya kazi, matunda yaleyale. Mwanafunzi aliyetenganisha vipindi kwa siku nyingi husahau zaidi katikati na hutoka jasho zaidi kukumbuka, na jasho hilo ndilo linaloshikilia neno. Shule zetu hufanya kinyume: mada inafundishwa wiki mbili, inapewa jaribio, inafungwa, na kufunguliwa tena usiku wa kuamkia mtihani wa taifa.

Naandika haya nikiwa na darasa halisi mawazoni. Nchini Tanzania mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Amekwisha kurudia Kiingereza kwa miaka. Darasa zima limeitikia salamu kila asubuhi, limetaja siku za wiki kwa pamoja, limesoma ubaoni sauti moja. Mtoto huyo ukimwuliza kwa Kiingereza jana alifanya nini, ananyamaza. Si mvivu wala si mzito. Hajawahi kupewa nafasi ya kurudia tendo la kujibu swali ambalo jibu lake liko kwake tu. Katika sauti ya pamoja ya wanafunzi 70, asiyejua hufuata wanaojua kwa kuchelewa nusu sekunde, na mwalimu hawezi kuwatofautisha.

Najua walimu wanalazimika. Madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, muhtasari unawakimbiza, na kuitikia kwa pamoja ndiyo njia ya kuwashirikisha wote. Sitaki iachwe. Kwa matamshi inafaa sana: Mzungu hawezi kupata "ng'" ya "ng'ombe" bila kuitamka tena na tena, na mtoto mwenye haya hupata ujasiri sauti yake inapofichwa na za wenzake. Vivyo hivyo, madrasa zetu za pwani zimetoa kwa karne nyingi watu wanaosoma Kurani kwa matamshi ya Kiarabu yaliyo sahihi, kwa kumfuatisha mwalimu. Lengo ni usomaji, na linafikiwa. Kosa ni kutarajia kwamba njia hiyohiyo, bila kuongezwa kitu, itatoa wazungumzaji.

Hatua za kuanzia hazihitaji fedha. Baada ya kuitikia pamoja mara tatu au nne, mwalimu afute ubao, aulize, kisha anyamaze kwa sekunde tano kabla ya kumtaja wa kujibu. Katika ukimya huo wanafunzi wote 70 wanalazimika kutafuta jibu, kwa kuwa hakuna anayejua nani ataitwa. Kisha wageukiane wawili wawili na kuulizana mambo ya kweli: umetoka nyumbani saa ngapi, nani alipika, utafanya nini Jumamosi. Kelele itakuwepo, na ivumiliwe. Kila kipindi kianze kwa dakika tano za maswali ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Jibu sahihi litajwe mara moja, ili aliyekosea asiondoke na kosa lake. Na majaribio haya madogo yasiwe na alama wala viboko, kwa sababu kazi yake ni kufundisha. Mtoto anayeogopa kukosea hatajaribu kukumbuka, na asiyejaribu hapati faida.

Anayejifunza peke yake, awe anasoma Kiarabu, Kifaransa au Kichina, kwa kitabu au kwa programu ya simu, ajiulize kila siku swali moja: je, mimi ndiye niliyetoa maneno haya kichwani, au nimeyatambua tu nilipoonyeshwa? Kubonyeza jibu sahihi kati ya manne yaliyoandikwa ni kutambua. Kufunika ukurasa na kusema sentensi nzima kwa sauti, kuhusu jambo lililokupata leo, ni kukumbuka na kutunga. La pili linachosha na linakatisha tamaa mwanzoni. Wale wanafunzi wa utafiti wa mwaka 2008 hawakuweza kuhisi ni njia ipi iliyokuwa ikiwafaa, nasi hatuwezi. Raha ya kusoma ukurasa unaoufahamu ni mshauri mbaya.

Wito wangu wa mwisho ni kwa wanaopanga mitaala na wanaotunga mitihani ya lugha katika nchi zetu. Mtihani unaompima mtoto kwa kujaza nafasi na kuchagua herufi utazaa madarasa ya kujaza nafasi na kuchagua herufi, hata mwalimu awe na semina ngapi. Ingizeni kipimo cha kuzungumza na kutunga, hata kiwe cha dakika tatu kwa mwanafunzi, na kihesabiwe katika alama za mwisho. Walimu watarudia kile kitakachopimwa, na wanafunzi watakuwa mahiri katika kile watakachorudia. Tukichagua vizuri hicho cha kurudiwa, saa zilezile tunazotumia sasa zitatosha kumpa mtoto lugha anayoweza kuisema.